Kabla ya Kushika Tupa

(Maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani wa Shule ya Sekondari Tosamaganga mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa.)



Kwanza kabisa napenda kutoa shukrani zangu kwa kamati kwa kunipa nafasi hii. Barua yao iliniomba nizungumze na vijana juu ya faida ya elimu ya sayansi maishani. Faida hiyo vijana wameisikia tangu darasa la kwanza, na nikiirudia watasinzia. Kwa hiyo nimemwomba Mwenyekiti ruhusa nizungumze juu ya jambo dogo zaidi: bunduki moja ya marisau, ya mitutu miwili, ambayo kifyatulio chake kiligoma, na namna ya kutafuta sababu ya kugoma huko. Ni jambo ninalolijua kwa mikono yangu, na nina deni juu yake ambalo sijapata kulilipa hadharani.

Naomba nisieleweke vibaya. Sikuja kuwafundisha vijana kupenda bunduki. Sisi wa Iringa tunajua tangu zamani kwamba bunduki peke yake si kitu. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilikuwa na bunduki za kisasa za wakati ule, na hata hivyo kilivunjwa na mashujaa wa Mtwa Mkwawa, kwa kuwa askari wengi waliangushwa kabla hawajapata nafasi ya kufyatua. Bunduki isiyofyatuka wakati wake ni gongo. Na bunduki inayofyatuka wakati usio wake ni balaa. Habari yangu ya leo ina yote mawili.

BUNDUKI YA MJOMBA

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkulima wa mahindi ng'ambo ya Mto Ruaha Mdogo, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka hapa shuleni. Alikuwa na bunduki ya marisau namba 12, na kibali chake alikihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti. Vijana, namba 12 hiyo si milimita wala inchi. Ni hesabu ya kale ya Waingereza: ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukafanya goroli 12 zilizo sawa, kila goroli itaenea barabara katika tundu la mtutu huo. Kwa kipimo cha leo tundu hilo lina upana wa kama milimita 18 na nusu.

Ilikuwa bunduki ya kizamani, yenye nyundo mbili kwa nje, zimesimama kama pembe za mwanambuzi. Vifyatulio vyake vilikuwa viwili: cha mbele kwa mtutu wa kulia, cha nyuma kwa mtutu wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kulinda shamba. Mwezi Desemba mbegu zikiisha kufukiwa, kanga na nyani huja kuzifukua. Mahindi yakikomaa, huja nguruwe. Wale waliolima wanajua kwamba kundi moja la nguruwe linaweza kwa usiku mmoja kumaliza jasho la miezi mitano.

Miaka ile bunduki mkoani kwetu ilikuwa jambo la kusemwa kwa sauti ndogo. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wetu wa Mkoa, Dakta Wilbert Kleruu, alikuwa ameuawa kwa risasi huko Isimani, na tangu siku hiyo kila mwenye bunduki alijiona anatazamwa. Mjomba hakupenda hata kidogo bunduki yake iwe na sababu ya kutajwa kituoni.

Desemba 1973 nilikwenda kwake likizo, nimemaliza Kidato cha Tatu. Akaniambia hivi: "Mjomba, hii bunduki imeanza ukaidi. Mtutu wa kulia hautaki. Navuta mpaka mkono unatetemeka, nyundo haianguki. Pengine inaanguka nimeshakata tamaa. Wa kushoto hauna neno." Kisha akaongeza: "Ajabu ni kwamba kiangazi chote haikuwa hivi."

Vijana, shikeni sentensi hiyo ya mwisho. Ndani yake mlikuwa na jibu lote. Mimi niliipita kama mtu anayempita mgeni njiani bila salamu.

MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Ili mwelewe nilichokifanya, lazima kwanza niwaeleze mtambo wenyewe. Si mgumu. Ni nyenzo tupu, zile zile mnazochora katika somo la fizikia.

Nyundo ya nje imeungwa na kipande cha chuma kilichojificha ndani, ambacho huzunguka nayo. Ukingoni mwa kipande hicho mna pengo dogo. Nyundo inapovutwa nyuma kwa dole gumba, springi kubwa hukazwa, na kipande kingine cha chuma, ambacho nitakiita ulimi, huingia katika pengo na kuizuia nyundo isirudi. Ulimi una mkia. Kifyatulio nacho hukaa chini ya mkia huo. Unapovuta kifyatulio, mkia huinuka, ulimi hutoka katika pengo, springi hujifungua, nyundo huanguka juu ya pini, na pini hugonga fataki iliyo katikati ya kitako cha risasi. Baruti huwaka, marisau hutoka.

Kwa hiyo basi, kinachomtenga mtu na kifo ni ule ulimi ndani ya lile pengo. Kina cha pengo hilo ni kidogo kuliko unene wa sarafu ya shilingi. Chuma chake hukomazwa kwa moto ili kisilike upesi, lakini katika bunduki nyingi za zamani ukomavu huo ni ngozi nyembamba tu juu. Ndani chuma ni laini. Na mtambo wote umelazwa ndani ya shimo lililochongwa katika ubao wa kitako, kwa nafasi finyu sana.

Upande wa kulia una mtambo wake, na wa kushoto una wake. Bunduki ya mitutu miwili ni bunduki mbili zilizolala kitanda kimoja. Hilo nalo lishikeni, nitalirudia.

KOSA LANGU

Siku moja Mjomba alikwenda Iringa mjini akalala huko. Alikuwa amekwisha kusema kwamba baada ya mavuno ataipeleka bunduki kwa fundi mwenye leseni. Mimi niliona hakuna haja ya kungoja. Nilikuwa wa tatu darasani katika fizikia, na nilikuwa na bisibisi, tupa ndogo na jiwe la kunolea visu.

Nilifungua mtambo wa kulia. Nikaona pengo, nikaona ulimi, nikaona jinsi vinavyoshikana. Nikajiambia: kifyatulio ni kizito kwa sababu ulimi umezama mno. Nikipunguza kina cha pengo, utatoka kwa urahisi. Sikujiuliza kwa nini pengo lile lile lilikuwa jema kwa miaka thelathini likaharibika mwezi huo. Sikufungua upande wa kushoto kulinganisha. Nikashika tupa. Tupa ikateleza juu ya chuma bila kukata. Hilo nalo lilikuwa onyo, maana chuma kilikuwa kinaniambia kwamba hapa pamekomazwa, usiguse. Nikachukua jiwe. Jiwe likakata.

Nilirudisha kila kitu mahali pake, nikajaribu bila risasi. Nyundo ya kulia ikaanguka kwa mguso mwepesi. Nilijiona Mhandisi Mkuu. Mjomba aliporudi nikamwambia kwamba nimeisafisha na kuitia mafuta. Akaijaribu, akanipiga bega, akaniita fundi. Masika yote bunduki ilifanya kazi vizuri, nami hapa shuleni nilipata barua ya kunisifu.

Juni 1974 nilirudi likizo. Mvua zilikuwa zimekwisha tangu mwezi wa tano, upepo mkavu wa baridi unavuma, mnaujua. Asubuhi moja tulitoka kutafuta kanga katika mabua ya mahindi. Mjomba mbele, mimi nyuma yake hatua tatu nimebeba mfuko. Kanga wakalia karibu. Mjomba akavuta nyundo ya kulia, akashusha mitutu kuelekea ardhini, akavuka tuta. Mguu ukateleza kidogo tu, kitako cha bunduki kikagonga goti lake. Hakuwa ameweka kidole kwenye kifyatulio. Niliona kidole chake kwa macho yangu.

Bunduki ikalia. Marisau yakaingia ardhini pembeni mwa mguu wake wa kushoto, na mengine yakaingia mguuni.

Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, tukapata lori, tukamleta hapa Tosamaganga hospitalini. Alipona, lakini alipoteza vidole viwili vya mguu. Kama tuta lile lingekuwa upande wa pili, na mitutu ingekuwa imeelekea nyuma, nisingekuwa mbele yenu leo.

SKURUBU HAZISEMI UONGO

Shule ilipofunguliwa Julai, Mjomba alikuwa bado wodini. Nilikuwa nashuka kumwona kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Jumapili tatu nilikaa kando ya kitanda chake nikizungumza juu ya mitihani. Ya nne alinituma nimfungie dirisha, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mjomba, skurubu za bunduki zilikuwa nyeusi miaka yote. Tangu Krismasi vichwa vyake vinang'aa. Ulifungua."

Sikuweza kujibu. Akaendelea: "Polisi nimewaambia ni bunduki kuukuu, na hiyo si uongo. Sikukutaja. Ila una deni langu moja. Wewe uliponya kitu usichokijua ugonjwa wake. Siku utakapojua kwa hakika kwa nini ilikuwa inagoma, uje uniambie. Usije na maneno ya kubahatisha."

Ndugu zangu, nimefanya mitihani mingi maishani. Huo ndio uliochukua muda mrefu kuliko yote.

NILICHOFUNDISHWA NA MZEE WA KEYA

Baada ya shule nilisomea ufundi mitambo Dar es Salaam, na baadaye nikapangiwa kazi katika karakana moja ya serikali. Humo alikuwamo mzee mmoja aliyekuwa fundi wa silaha tangu enzi za Keya. Hakujua Kiingereza cha vitabu, lakini sijapata kuona mtu mwenye utaratibu kama wake. Bunduki ikiletwa kwake, hakugusa bisibisi kwa muda wa nusu saa ya kwanza. Utaratibu wake nitawapa kama alivyonipa.

Kwanza, hakikisha haina kitu. Fungua mitutu, toa risasi, tazama matundu yote mawili kwa macho na kwa kidole, kisha mpe mwenzako naye atazame. Risasi zitoke kabisa katika chumba hicho. Na iwapo bunduki imegoma ukiwa porini, usiifungue mara moja. Iweke mitutu mahali pasipo na mtu wala mnyama, uhesabu polepole hadi 30, maana zipo fataki zinazochelewa kuwaka.

Pili, uliza kabla ya kutazama. Imegoma lini? Mara zote au mara nyingine? Wakati wa mvua au wa jua? Baada ya kufanywa nini? Nani aliifungua mwisho? Mzee alikuwa akisema kwamba mwenye bunduki huja na jibu mfukoni bila kujua, kazi ya fundi ni kumsaidia kulitoa.

Tatu, tazama nje. Vichwa vya skurubu vimekwaruzwa? Kitako kina ufa nyuma ya mitambo? Mafuta ya zamani yameganda kama gundi? Kuna kutu? Bunduki ilihifadhiwa wapi, katika moshi wa jikoni au katika ukuta wenye unyevu?

Nne, sikiliza. Hapa ndipo njia zinapoachana, na wengi hupotea. Vuta kifyatulio, kukiwa na risasi bandia ndani ili pini isiumie. Je, nyundo imeanguka? Ikiwa imeanguka na risasi halisi haikulia, basi kifyatulio hakina hatia, kimefanya kazi yake. Tafuta kwingine: tazama fataki ya risasi iliyogoma. Ikiwa na alama ya pini yenye kina cha kutosha, shaka iende kwa risasi. Ikiwa alama ni hafifu, shaka iende kwa springi iliyochoka, pini iliyovunjika ncha, au uchafu katika njia ya pini. Ikiwa hakuna alama kabisa, pini haikufika.

Tano, ikiwa nyundo haikuanguka, pima uzito wa kifyatulio. Katika bunduki nyingi za namna hii huhitaji nguvu ya kama kilo moja na nusu hadi mbili. Ikiwa kinalegea bila kushika kitu, ulimi haukuingia katika pengo au springi ndogo imekatika. Ikiwa ni kizito mno, kuna kitu kinasugua: kutu, mafuta yaliyoganda, skurubu iliyokazwa kupita kiasi, au ubao. Na katika bunduki za nyundo za ndani, zile zilizoenea baada ya Anson na Deeley kubuni mtambo wao Birmingham mwaka 1875, angalia kwanza kama kifungo cha usalama kimesukumwa mpaka mwisho. Nusu ya bunduki zilizoletwa kwa Mzee kwamba zimegoma zilikuwa zimegomeshwa na wenyewe.

Sita, linganisha. Bunduki ya mitutu miwili ina bahati ambayo mashine nyingi hazina: upande mzima umo humo humo, karibu na ulio mgonjwa. Risasi iliyogoma kulia, huko uwanjani kwa kulengea shabaha, ijaribiwe kushoto. Uzito wa kulia upimwe dhidi ya kushoto. Ukifungua, fungua pande zote mbili uone tofauti. Upande mzima ni shahidi. Usimfukuze shahidi kabla hajasema.

Saba, badilisha kitu kimoja tu, kisha jaribu tena. Ukibadilisha viwili na bunduki ikapona, hutajua kipi kilichoiponya. Na anza na kile kinachoweza kurudishwa. Skurubu iliyolegezwa hukazwa tena, mafuta yaliyofutwa hupakwa mengine. Chuma kilichoondolewa kwa tupa hakirudi.

Mzee alitufundisha pia magonjwa ya upande wa pili, ya bunduki kulia bila kuitwa. Ikilia mitutu yote miwili kwa pamoja, chunguza kwanza mpigaji: pengine kidole chake hurushwa na mshindo kikaangukia kifyatulio cha pili. Kisha ndipo uchunguze pengo na ulimi. Katika bunduki nyingi zenye kifyatulio kimoja kwa mitutu miwili, mtambo huhama upande kwa nguvu ya mshindo wa risasi ya kwanza; risasi ya kwanza ikigoma, hakuna mshindo, na ya pili nayo haiji. Huo si ugonjwa, ndiyo tabia yake. Na lililo kubwa kuliko yote: katika bunduki nyingi za nyundo za ndani, kifungo cha usalama huzuia vifyatulio tu. Hakishiki nyundo. Pengo likiwa limelika, bunduki yaweza kulia kwa kugongwa hata kifungo kikiwa kimefungwa. Usalama wa kweli ni mitutu iliyofunguliwa na kuachwa tupu.

UBAO

Mwaka 1983, wakati wa mvua, ililetwa karakanani bunduki ya nyundo za nje, karibu sawa na ya Mjomba. Mtutu wa kushoto ulikuwa mzito. Mzee alinipa niifanye mwenyewe, akakaa kwenye kigoda akinitazama. Nikauliza maswali. Mwenyewe akasema kiangazi haina neno. Nilihisi mikono inapoa.

Nilifungua mitambo yote miwili. Mapengo yalikuwa sawa, ndimi zilikuwa sawa, chuma kilikuwa safi. Mzee akasema: "Kijana, umetazama mgonjwa. Sasa tazama kitanda." Nikamulika tochi ndani ya shimo la ubao. Upande wa kulia ubao ulikuwa na rangi moja. Upande wa kushoto, pale mkia wa ulimi unapopita, palikuwa na doa jeusi linalong'aa, dogo kama punje ya mtama. Ubao ulikuwa umevimba kwa unyevu na kuubana mkia. Mbao huvimba kidogo sana kwa urefu wake, lakini kwa upana huvimba kiasi cha kuonekana. Kiangazi hukauka na kuuachia mkia.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Bunduki ya Mjomba haikuwa na ugonjwa wa chuma. Masika ubao ulikuwa unaukamata ulimi. Mimi nililikata pengo ili ulimi utoke kwa urahisi, na masika ile bunduki ikaonekana imepona, kwa sababu ubao uliendelea kuushika mahali pa pengo nililoliharibu. Ngozi ngumu ya chuma nilikuwa nimeiondoa kwa jiwe, kwa hiyo kila risasi ilizidi kulila pengo. Juni ubao ukakauka, ukaachia. Hapakubaki kitu cha kushika nyundo ila ukingo mwembamba wa chuma laini. Goti likatosha.

Tulikwangua ubao kidogo sana pale penye doa, tukaupaka mafuta ya kitani usinywe maji tena, tukarudisha. Kifyatulio cha kushoto kikawa sawa na cha kulia. Tupa haikutoka sandukuni.

Mwezi uliofuata niliomba ruhusa, nikapanda basi mpaka Iringa, nikavuka Ruaha Mdogo. Mjomba alikuwa uani akipukuchua mahindi. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, bila kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Kwa hiyo ulikuwa ubao?"

Nikasema: "Ndiyo, Mjomba. Ubao."

Akautazama mguu wake. "Vidole viwili kwa kosa la ubao," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniambia neno ambalo ndilo lililonileta hapa: "Nami nilikuambia kiangazi haikuwa hivi. Hukunisikia kwa sababu nilikuwa mkulima."

Hilo, Ndugu Mwenyekiti, lilikuwa kweli. Nilikuwa na elimu ya nyenzo kuliko yeye, lakini yeye ndiye aliyeishi na bunduki ile masika na kiangazi. Tupa ilikuwa kosa la pili. La kwanza lilikuwa kutomsikiliza.

NENO KWA VIJANA

Mjomba hayupo tena duniani. Wanawe wamenipa ruhusa kuyasema haya, na nimeyasema hapa kwa sababu ilikuwa hapa, katika wodi ile ya chini, ambapo alinificha ili niendelee kusoma.

Kuhusu silaha, nasema wazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na leseni, na kuitengeneza silaha ni kazi ya mwenye leseni ya kazi hiyo. Mkiikuta bunduki nyumbani kwa baba au babu na inagoma, kazi yenu ni mbili tu: kuiacha mitutu tupu, na kuandika vizuri maelezo ya mwenyewe ili fundi ayapate. Maelezo hayo peke yake ni nusu ya tiba. Utaratibu niliowapa ni wa kuwasaidia kueleza, si wa kuwapa bisibisi.

Lakini utaratibu wenyewe ni wa kila kitu. Nawaona vijana wanaobadilisha kabureta ya pikipiki kumbe petroli ina maji. Nawaona wenye mashine za kusaga wanaonunua mota mpya kumbe waya umelegea. Na ninyi wenyewe, mnapofeli hesabu, mnasema akili haipo. Hamjaulizana kama macho yanaona ubao. Kabla ya kushika tupa, ulizeni: ilianza lini, na wakati gani haikuwa hivi? Na anayewajibu, hata kama hakusoma mlichosoma ninyi, msikilizeni mpaka sentensi yake ya mwisho.

Pengo la bunduki ile, nililolikata mimi, ninalo. Mjomba alikabidhi bunduki kituoni mwaka 1975, lakini mtambo wa kulia ulikuwa umekwisha kung'olewa kwa idhini yao, akaniwekea. Nimekuja nao leo ndani ya bahasha hii. Namkabidhi Mkuu wa Shule, na ombi langu ni kwamba ukae katika maabara ya fizikia, mahali ambapo wanafunzi wataweza kuushika. Ni chuma kisicho na madhara sasa. Atakayeushika apitishe ukucha katika pengo, atasikia mahali ambapo jiwe langu lilipita.